Kutungia kwaya: usianze na kodi za kinanda, anza na mdomo

Usiende Kariakoo Jumamosi kununua kinanda. Umesema uko kidato cha pili, unataka kuitungia kwaya ya vijana, na mwalimu mmoja wa video amekuambia ununue kinanda, uzungushe kodi nne (kodi ni nota kadhaa zinazopigwa pamoja), halafu "maneno yataingia yenyewe". Hayaingii. Yanasukumwa kwa nguvu, ndiyo maana kwaya nzima inaimba "mchungaJI" na waumini hawashiki neno.

Walimu wa namna hii wanakera. Wanachukua somo la nyimbo za Kiingereza jinsi lilivyo na kuwamwagia watoto wanaotunga kwa Kiswahili. Kwetu mkazo unakaa karibu daima kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Muziki wa mapigo manne nao una pigo la kwanza zito, la tatu zito kiasi, la pili na la nne mepesi. Kukutanisha hivyo viwili ndiyo kazi yenyewe, na kinanda hakikusaidii hapo.

Chukua Zaburi ya 23: "Bwana ndiye mchungaji wangu". Iseme kwa sauti huku unapiga kofi, hata ukiwa ndani ya basi la mwendokasi. Mikazo iko kwenye Bwa, ndi, nga, wa. Basi: "Bwa" pigo la kwanza, "na" pigo la pili, ndi-ye wagawane la tatu, m-chu wagawane la nne. Nga ianze pigo la kwanza la kipimo (fungu la mapigo manne) kinachofuata, ji la pili, wa la tatu, ngu la nne. Sasa ndipo utie nota (d ni do, r ni re, m ni mi, f ni fa, s ni so, l ni la): d d, m m f f, s f m r. Imeishia kwenye r, kwa hiyo besi, sauti ya chini kabisa, ikae s. Hiyo ni kodi ya tano, yaani iliyojengwa juu ya s, nota ya tano; inaacha sentensi wazi ingojee mstari unaofuata. Umeona kodi imekuja yenyewe, mwishoni?

Balaa kubwa liko kwenye ubeti wa pili. Wengi wanahesabu mizani, yaani silabi, wanaona kumi kwa kumi, wanaridhika. "Ananilaza penye majani" ina mizani kumi kamili, lakini mikazo yake iko kwenye la, pe, ja. Ukiibandika juu ya mdundo ule ule, silabi "ni" inaangukia pigo la tatu na "nye" inaangukia pigo zito la kwanza: utaimbisha watu "anaNIlaza peNYE". Tengeneza mdundo wake. A-na-ni ziingie kabla ya kipimo, a kwenye pigo la tatu, na-ni zigawane la nne. La ipige la kwanza, za la pili, pe la tatu, nye-ma zigawane la nne, ja ipokee pigo la kwanza jipya. Nota unaweza kuzibadilisha kidogo, hakuna atakayekushtaki. Angalia pia viambishi: nyumba mkazo uko nyu, nyumbani umehamia mba. Herufi mbili tu na ubeti mzima unayumba.

Sauti nyingine kwa ufupi. Baada ya sauti ya kwanza (soprano) andika ya nne (besi), ndipo ya pili na ya tatu, kila moja ikichukua nota iliyo karibu. Besi na tena (sauti ya tatu) wakitoka d na s kwenda r na l pamoja, umbali wa nota tano kati yao unabaki ule ule na sauti mbili zinasikika kama moja, mmoja ashuke. Ufunguo, yaani nota itakayokuwa d, uchague mwisho, kwa kuangalia nota ya juu kabisa: d ya juu kwenye ufunguo wa F ni F ya juu, soprano wa kawaida anaifikia. Ukipandisha hadi G, mayowe yanaanza.

Kabla hujatoa hata shilingi, andika hapa beti zako mbili, pigia mstari kila silabi yenye mkazo, na weka alama panapoangukia pigo la kwanza. Nitazipitia mstari kwa mstari.