Barua kwa mwanangu: pointi za Disney kutoka kwa mwanachama anayeuza

Mwanangu Rehema,

Marahaba. Umeuliza kama wewe na mumeo mnunue pointi 160 za Saratoga Springs, Orlando, kwa mwanachama anayeuza, badala ya kwenda Disney Vacation Club wenyewe, yaani mpango wa Disney ambamo mwanachama hununua mkataba wa miaka mingi unaompa pointi kila mwaka za kulipia malazi katika hoteli zake. Tena unashangaa tangazo moja kuwa dola 95 kwa pointi na jingine dola 102, ilhali hoteli ni ile ile. Nunueni kwa mwanachama, ila hilo la dola 95 achaneni nalo.

Msiishie kwenye bei. La dola 95 lina pointi 0 mwaka huu na 40 tu mwakani, maana mwenyewe ameshatumia za mwaka huu na kukopa za mwakani. La dola 102 lina 160 za akiba, yaani zilizosogezwa kutoka mwaka jana, 160 za mwaka huu na 160 za mwakani. Bei inapishana kwa dola 1,120, pointi zinapishana kwa 440. Hata ukizithamini dola 15 tu kila moja, hizo ni dola 6,600. Na yeyote anayewauzia mkataba usio na pointi, ada ya mwaka (ile ya kuendesha hoteli) ya pointi alizokwisha kutumia ni juu yake. Iandikwe kwenye makubaliano.

Ila za akiba nazo mziangalie tarehe. Pointi iliyowekwa akiba haiwekwi mara ya pili. Mwaka wa matumizi, yaani miezi 12 ya kutumia pointi kuanzia mwezi ulioandikwa kwenye mkataba, ukiisha, imekufa. Disney wana siku 30 za kuamua kama wao ndio watakaoununua mkataba badala yenu, kwa bei mliyokubaliana. Baada ya hapo kuna kuandaa hati, kusaini, kusajili kaunti ya Orange, kisha Disney kuwafungulia uanachama na kuingiza pointi. Hesabuni miezi miwili hadi mitatu. Kama za akiba zinakufa baada ya miezi minne, msizilipie hata senti, kwani vyumba vya kipindi hicho vitakuwa vimeshachukuliwa.

Mwezi ambao mwaka wa matumizi huanza watu huupuuza, nao ndio utakaokuwa nanyi hadi mwisho. Pointi huwekwa akiba ndani ya miezi 8 ya kwanza tu. Nyinyi husafiri Julai. Mwaka wenu ukianza Juni, safari ikivunjika mna hadi 31 Januari kuziokoa. Ukianza Septemba, mlango umefungwa tangu 30 Aprili, na ikifika 31 Agosti zimekwenda. Kwa hiyo tafuteni wa Juni. Hata wa Aprili unafaa.

Kuhusu hoteli: ile mnayonunua pointi zake ndiyo mnaweza kuweka nafasi miezi 11 kabla, hoteli nyingine za Disney ni miezi 7. Saratoga ni kubwa na nafasi si shida, lakini kama moyo wako uko BoardWalk au Beach Club, miezi 7 huwa imechelewa kwa vyumba vinavyogombewa. Huko lakini mikataba inaisha 31 Januari 2042. Ya Saratoga inaisha 2054. Hoteli ya Vero Beach bei yake itakuvutia, ila nayo inaisha 2042 na ada yake ni miongoni mwa za juu kabisa. Ada haina kikomo cha miaka mitano au kumi: tuseme dola 8.50 kwa pointi, hiyo ni dola 1,360 kila mwaka, msafiri msisafiri, na hupanda. Msipoilipa, mkataba unaweza kuchukuliwa.

Kuna mnavyovikosa pia. Pointi za Saratoga zilizonunuliwa hivi tangu 19 Januari 2019 haziingii hoteli ya Riviera, wala majengo mapya ya Disneyland Hotel, wala vibanda vya Fort Wilderness. Safari za meli za Disney hazilipiwi kwa pointi hizo, na kadi ya punguzo la wanachama hampewi. Riviera yenyewe msiinunue kwa njia hii, kwani pointi zake hazitoki nje ya Riviera.

Fedha zipite akaunti ya amana ya kampuni inayohamisha hati, kamwe zisiende kwa muuzaji. Maagizo ya benki yakija kwa barua pepe, pigeni simu kwa namba mliyoitafuta wenyewe kabla ya kutuma, kwa sababu matapeli hubadilisha namba za akaunti katika barua hizo hizo. Muuzaji akiwa si Mmarekani, ulizeni mapema nani anashughulikia asilimia 15 ya bei inayozuiwa kwa ajili ya kodi, maana mnunuzi ndiye anayeweza kudaiwa.

Majina kwenye hati yawe yenu wawili, herufi kwa herufi kama pasipoti. Siku mkitaka kuongeza pointi, mkataba wa pili utaunganishwa na huu ikiwa tu majina na mwezi vinalingana.

Disney wakishakubali, kampuni itaomba cheti kinachoonyesha pointi zilizopo, tarehe zake na madeni. Nitumieni hicho kabla hamjatuma salio, nikilinganishe na tangazo.

Baba yako