Fundi, msusi na mtungi wa gesi

Swali lenu la wiki hii, kama tungewaruhusu mabinti zetu waolewe na mtu aliyewahi kufungwa, nimelisoma mara tatu, na kila mara nimeona kwamba mmemsahau mtu wa pili. Mnauliza habari za mfungwa tu, kana kwamba anayependana naye hana sifa zake mtaani.

Mimi ni mwalimu mstaafu, na nina ploti ya vyumba 8 hapa Manyatta, Kisumu. Chumba cha kwanza nilimpangisha seremala aliyetoka gereza la Kodiaga. Alihukumiwa miaka 6 kwa kuvunja nyumba na kuiba, akatumikia 4, kwa kuwa sheria humpunguzia mfungwa mwenye nidhamu theluthi moja ya kifungo. Useremala aliujulia humo humo, na sasa anauza vitanda na makabati katika soko la Kibuye. Hayo yote alinieleza kabla hajalipa kodi. Chumba cha pili kilikuwa cha dada msusi, mcheshi, mwenye redio isiyozimwa, ambaye Jumapili, wenzake wakienda kanisani, yeye hushuka ufuo wa Dunga kula samaki na kurudi usiku kwa boda akicheka tangu langoni. Wawili hao walipoanza kula sufuria moja, mnadhani nani alionywa? Alionywa fundi! Akina mama wa ploti walimwita kando wakamwambia, "Baba, wewe umetoka kwenye shida, na huyo atakurudisha." Kifungo cha fundi kilikuwa na siku ya kwisha; cha yule dada, ambaye hajawahi kusimama kizimbani, hakina.

Usiku mmoja wa mvua stima ilipotea, na asubuhi mtungi wa gesi wa kilo 6 wa mama wa chumba cha 5 haukuonekana. Hakuna aliyetaja jina. Watu walisimama uani na miswaki mdomoni, kila mmoja akitupia jicho mlango wa kwanza kisha akiinamisha kichwa. Fundi alitoka, akatuona, na bila kuambiwa na mtu akachuchumaa mbele ya mlango wake, mikono magotini, kama wanavyohesabiwa kule. Nakiri kwamba simu ilikuwa mkononi mwangu na namba ya mzee wa mtaa nilikuwa nimekwisha kuitafuta. Ndipo yule dada alipotoka na leso, nywele zimesukwa nusu, akachuchumaa kando yake. "Mwalimu," akaniambia, "anza na chumba changu, uende mpaka cha 8, na kwako usiparuke."

Nilianza na chake, maana ningesema nini? Chini ya kitanda palikuwa na beseni, mafungu ya nywele za kusukia, na kisanduku cha mbao chenye vijumba vya kila kitana, kazi ambayo sikuhitaji kuuliza ni ya nani. Tulipekua vyumba vyote, kisha nyumba yangu, na mke wangu akafungua hata gunia la mahindi. Ilituchukua saa nzima, na muda wote huo wale wawili hawakuinuka. Mtungi haukupatikana, wala haujapatikana hadi leo. Dada alipojaribu kusimama miguu ilikuwa imekufa ganzi, akamwangukia fundi, wakacheka sana, nasi hatukujua tutazame wapi.

Nilipoanza kuandika nilikusudia kujibu kwamba ningemkubali mkwe kama huyo bila kusita. Sasa, baada ya kukumbuka asubuhi ile, naona jibu langu ni hapana, ingawa si kwa sababu ya wizi wa zamani. Nina binti Nakuru, na siwezi kuvumilia kumwazia akichuchumaa katika ua wa watu kila kinapopotea kitu. Huenda huo ni woga wangu tu, na huenda binti mwenye moyo wa yule msusi asingeniomba ruhusa kamwe.

Wale wawili wangali wapangaji wangu. Siku hizi wananilipa kodi ya chumba kimoja, na redio bado haijazimwa.