Babu wa Songea naye anaingia kwenye marejeo?

SWALI: Shikamoo anti. Niko Houston, gredi ya 11, wazazi wangu kwao Songea. Tichaa wa historia katupa risachi peji sita, nikachagua Vita vya Maji Maji, vile vya kuwapinga Wajerumani, maana babu hiyo stori anaijua sana. Nikakesha nikaandika, imerudi nyekundu tupu, kaandika "umetoa wapi?" mara tisa na mwisho eti haina mpangilio, niirudie kwa MLA, ule mtindo wa kuonyesha umetoa wapi. Sasa mengine nimeyatoa kwa babu kwenye voisi za WhatsApp, hayo naandikaje? Nakutumia peji ya kwanza uone, nina wiki mbili tu.

JIBU: Marahaba mwanangu, pole. Mara tisa! Mimi ningechoka kwenye ya nne.

Nimeisoma. Umeandika watu 300,000 walikufa, basi, ukaendelea na safari. 300,000 za nani? Wajerumani wenyewe walisema 75,000, mwanahistoria Gilbert Gwassa akakadiria 250,000 mpaka 300,000, na wengi hata sio kwa risasi, ni njaa, maana jeshi lilichoma mashamba na chakula. Sasa namba zinapishana hivyo halafu wewe unaitupa moja haina mwenyewe, tichaa akuelewe vipi? Weka zote mbili, sema hii kasema nani na ile nani. Kwenye MLA unafunga sentensi na mabano, ndani jina la ukoo la mwandishi na namba ya ukurasa, hakuna koma katikati, na nukta inakuja baada ya mabano sio kabla. Mwaka usiweke humo, hiyo ni APA, mtindo mwingine. Na kila jina la kwenye mabano tulikute kwenye orodha ya mwisho, kwa alfabeti.

Namba ya ukurasa iandike palepale unaposoma. Mi nikiwa form six niliziacha nikasema ntarudi, nikarudi laibrari kitabu kimeshaazimwa, nililia. Wikipedia soma upate picha, halafu shuka chini kwenye marejeo yao ukatafute vyenyewe.

Mpangilio sasa. Umeanza na yule mkoloni wa Kijerumani Karl Peters 1884, ukaruka kwa mganga Kinjikitile, ukarudi kwenye pamba, mara tunaikuta timu ya Majimaji ya Songea! Naipenda ile timu lakini itoe. Shida ni kwamba umekusanya unayoyajua bila swali. Chukua swali moja, mfano, kwa nini watu wa makabila tofauti waliingia vita moja? Hapo pamba ya kulazimishwa na kodi vinapata kazi, na yale maji ya dawa ya Kinjikitile kule Ngarambe, ya kuzuia risasi, pia. Halafu angalia hii: vita imeanza Julai 1905, Kinjikitile kanyongwa Agosti 4, mwezi haujaisha vizuri, lakini Wangoni ndio kwanza wanaingia na vita ikaenda mpaka 1907. Kwa hiyo hawakuwa wanamfuata mtu mmoja tu, si ndiyo? Hiyo ni aya nzima, na ndio risachi yenyewe. Aya isiyojibu swali lako ifute hata kama umeikeshea.

Babu anaingia, tena kwa heshima zote. MLA inakubali mahojiano: kwenye orodha unaanza na jina lake la ukoo, la kwanza, unasema umemhoji wewe mwenyewe, na tarehe, ambayo WhatsApp inakuonyesha pale kwenye voisi. Mwombe ruhusa kwanza. Ila 1905 babu hakuwepo, kwa hiyo usimpe kazi ya kuhesabu maiti, mpe ile anayoiweza yeye kuliko kitabu, jinsi ukoo wenu unavyosimulia kunyongwa kwa wazee wa Kingoni 1906. Na mpigie tena wikiendi hii umuulize yeye alihadithiwa na nani, maana hilo swali tichaa atakuandikia mara ya kumi.