Barua kwa mwanangu: mwaka mmoja mbele ya Gemara

Nairobi, Februari 2026

Mwanangu Tamari,

Umeuliza kama mwaka mmoja wa kusoma Talmudi, kitabu kikuu cha sheria na mijadala ya marabi wa Kiyahudi, huko Jerusalem, kabla ya kuingia chuo kikuu, utakufaa kitu ilhali Kiaramu, lugha yake kuu, hujui hata neno moja. Utakufaa, mradi uende ukitafuta uwezo wa kufungua ukurasa na kuusoma mwenyewe. Ukienda kusikiliza mihadhara mizuri utarudi na madaftari yaliyojaa, na mwaka ujao mtu akikuwekea Gemara, ile mijadala ya Talmudi, mezani utabaki kuitazama.

Anza na kalenda, maana ndiyo inayowaponza wengi. Mwaka wa yeshiva, yaani shule ya Talmudi, una vipindi vitatu na hufuata miezi ya Kiyahudi. Cha kwanza huanza mwezi mpya wa Eluli, ambao safari hii ni katikati ya Agosti, na huisha Yom Kippur, Siku ya Upatanisho, Septemba 21. Ni wiki tano na ushei, tena nusu ya akili za watu ziko kwenye sikukuu. Inafuata likizo ya wiki tatu, ndipo kinaanza kipindi cha baridi mwezi wa Heshvani, Oktoba 12, hadi Nisani, yaani karibu Aprili 8, 2027. Mwaka huo wa Kiyahudi wa 5787 una miezi miwili ya Adari badala ya mmoja, kwa hiyo kipindi hicho kitakaribia miezi sita. Hapo ndipo mwaka wako ulipo. Kipindi cha tatu huja baada ya Pasaka, lakini wageni wengi hufunga virago karibu na sikukuu ya Shavuot, mwezi wa Juni. Ukifika Agosti hujui kusoma, Eluli yote itaishia kwenye herufi, likizo itakusahaulisha, na Heshvani utaanza upya huku wenzako wameshapata washirika wa kusoma nao.

Kwa hiyo kazi ni sasa. Irabu za Kiebrania unazisoma vizuri, lakini Gemara haina irabu. Chukua Mishna, yale maandishi ya sheria ambayo Gemara inayajadili, yenye irabu, soma aya kwa sauti, kisha funika na usome ileile isiyo na irabu. Herufi za Rashi, mfafanuzi mkuu wa Talmudi (ambazo yeye mwenyewe hakuzitumia, ni mambo ya wachapaji), hazihitaji zaidi ya wiki moja, dakika ishirini kila siku. Herufi samekhi na memi ya mwisho wa neno zitakusumbua kwa kufanana. Kumbuka kwamba memi hiyo haikai katikati ya neno. Halafu jifunze maneno ambayo Gemara hutangazia hatua zake: "tnan" inaleta Mishna, "tanya" inaleta kauli ya zama zilezile iliyoachwa nje ya Mishna, "meitivei" inarusha pingamizi kutoka kauli za namna hiyo, "ta shma" inaleta ushahidi, "teiku" inaliacha swali bila jibu. Anza na mia moja. Matano kwa siku, siku ishirini umemaliza.

Karibu kila utakakokwenda utakutana na mpangilio wa toleo la Vilna, lililochapwa na kampuni ya Romm miaka ya 1880. Mishna na Gemara ziko katikati. Upande wa mshono wa kitabu yuko Rashi, aliyefariki 1105, anayekushika mkono neno kwa neno. Upande wa nje ni Tosafot, maelezo ya ziada, kazi ya wajukuu zake na waliowafuata, ambao mara nyingi huuliza: mbona mahali pengine Gemara inasema kinyume? Maandishi ya katikati hayana alama ya kuuliza, na nukta zake hazikuonyeshi mantiki inapoishia. Mwanzoni hilo ndilo tatizo kubwa kuliko msamiati. Mtu anaweza kusoma nusu saa akidhani ni jibu, kumbe ni swali linaloendelea. Chukua penseli, weka alama zako mwenyewe, na pembeni andika: kauli, swali, jibu, ushahidi, pingamizi.

Siku huanza na sala ya asubuhi, kisha vipindi vitatu vya kusoma: asubuhi, alasiri na usiku. Sehemu kubwa ya muda huo utakuwa na havruta, mwenzako mmoja, katika ukumbi ambamo kila meza inapiga kelele. Mwalimu hutoa orodha ya vyanzo. Ninyi wawili mnaandaa, halafu ndipo anafundisha. Mmoja asome kifungu kwa sauti na kukifafanua, mwingine amzuie asipoelewa. Someni Gemara kwanza, kisha Rashi, kisha rudini Gemara bila Rashi. Tosafot baadaye. Kabla ya kufunga kitabu, kila mmoja aeleze mjadala wote kwa kichwa. Msiposhinda jaribio hilo, hamjasoma.

Havruta huharibika kwa njia chache zinazojulikana. Mmoja ana nguvu mno, anasoma na kujijibu, mwingine anaitikia tu. Au wote wawili wanasoma kimyakimya. Au simu iko mezani na Sefaria, maktaba ya mtandaoni, imefunguliwa kwenye tafsiri: ni hazina ya bure, sikukatazi, ila itazame baada ya kujaribu, si kabla. Kamusi ya Jastrow, ya Kiaramu cha Talmudi, ni bora kwa asubuhi, kwa sababu inakulazimisha kutafuta mzizi. Ikiwa baada ya wiki mbili hamwendi, mwambie mwalimu akubadilishie. Huko si utovu wa adabu, hufanyika kila mwaka. Na usishtuke darasa likikaa wiki nzima kwenye upande mmoja wa ukurasa.

Kuhusu mahali: Midreshet Lindenbaum ya Jerusalem na Migdal Oz ya Gush Etzion hufundisha wasichana Gemara kwa dhati. Migdal Oz iko Ukingo wa Magharibi, jambo ambalo lazima ulipime kabla. Pardes na Conservative Yeshiva huchanganya wanaume na wanawake, ila Pardes wengi wana shahada tayari. Usiulize sifa za shule. Uliza saa ngapi kwa wiki ni Gemara, ngapi kati ya hizo ni havruta, kuna darasa la wanaoanza, na maandishi yatakuwa ya asili au ya tafsiri. Ratiba yenye kozi kumi za saa mojamoja ikwepe. Shule za Kiorthodoksi zitataka hati ya uongofu wa familia na kujua ni beit din (mahakama ya marabi) gani iliyoitoa. Jibu kwa maandishi, nawe udai jibu kwa maandishi, kabla ya kulipa chochote.

Viza ni A/2, ya mwanafunzi, na haikuruhusu kufanya kazi. Utaiomba ubalozini hapa Nairobi ukiwa na barua ya kukubaliwa, kwa hiyo barua hiyo iwe mkononi mapema. Uwanjani Ben Gurion beba nakala za karatasi na namba ya mtu wa shule anayepokea simu usiku. Kuwa na viza hakuwazuii maofisa kukuhoji.

Chuo kikuu huripotiwa wakati uleule wa Eluli. Omba kuahirisha kwa barua kabla ya siku ya kuripoti, na usisafiri bila jibu lenye mhuri.

Ada imepangwa kwa mifuko ya Wamarekani, kwa hiyo omba msaada wa masomo, ukiwamo wa Masa, shirika la Israeli linalofadhili vijana wa Kiyahudi kutoka nje. Uliza pia bweni na jiko vinafungwa likizo zipi, maana wenzako watapanda ndege kwenda kwao na wewe hutaweza kila mara. Chukua koti zito: nyumba za mawe za Jerusalem mwezi wa Januari ni baridi kuliko Limuru.

Shule ikikukubali, waulize watasoma kitabu gani cha Talmudi mwaka huo, uniambie siku hiyohiyo. Mishna zake zote tunaweza kuzimaliza kwa simu, jioni, kabla ya Agosti.

Mama