Miezi mitatu bila kublidi sio ya kushukuru

Wadada, mimi nina PCOS, yaani homoni zimevurugika na mayai hayapevuki kila mwezi. Kabla sijajua, niliwahi kukaa siku 117 bila kuona siku zangu, na moyoni nilikuwa nafurahi kabisa kwamba nimepumzika pedi. Halafu zikaja. Nikablidi siku 19 mfululizo, mabonge kwa mabonge, ofisini nakaa na kanga nyeusi kwenye kiti, ngazi nikipanda nusu tu moyo unadunda kama nimekimbia.

Mama akasema "mwanangu ukizaa itakaa sawa". Nikanunua dawa ya kusafisha kizazi, chupa mbili, haikusafisha chochote. Kituo cha kwanza nikapigwa ultrasaundi ikasoma kawaida, nikaambiwa sina tatizo rudi nyumbani, na hapa ndo wengi tunapotea jamani, maana PCOS haitafutwi kwa ultrasaundi peke yake. Mzunguko uliovurugika plus ndevu kidevuni vilitosha kujua ninayo, baada ya kupima damu kuona sio tatizo la thairoidi (tezi ya shingoni) wala prolaktini (homoni ya maziwa).

Daktari wa pili, mama mtu mzima mpole sana, aliniuliza swali moja: "Siku zako za mwisho zilianza tarehe ngapi?" Nikabaki namwangalia tu. Tangu siku hiyo nina kalenda nyuma ya mlango wa kabati, siku ya kwanza naizungushia peni nyekundu, nahesabu mpaka duara linalofuata, damu ikiwa na mabonge naweka nyota. Nikienda kliniki naipiga picha, dakika mbili ameshanielewa.

Alivyonieleza ni hivi, yai lisipopevuka homoni ya projesteroni haitoki, ule ukuta wa ndani ya kizazi unaendelea kujengeka tu hauvunjwi, ukizidi kunenepa ndo unakuja kumwagika vile, na ukiachwa hivyo miaka na miaka unaweza kuleta saratani ya ukuta huohuo wa kizazi. Kwa hiyo zikipita siku 90 mimi naenda. Napima mimba kwanza (ndiyo, mwenye PCOS anashika mimba bila kutegemea, nisikudanganye), halafu napewa vidonge vya projesteroni siku 10, nikimaliza baada ya siku chache nablidi. Wengine hupewa vidonge vya uzazi wa mpango, ila kama una presha au uliwahi kuganda damu mguuni mwambie daktari kabla hujameza, usisubiri akuulize.

Msosi sikuacha ugali. Niliupunguza nusu, nikajaza maharage, dagaa na mchicha, soda nikaacha, chai bila sukari ndo ilinitesa kuliko vyote. Jioni nashuka kituo kimoja kabla natembea. Kutoka kilo 82 mpaka 77 ilinichukua miezi saba, na maduara yakaanza kusogeleana, siku 61, 48, 43. Wembamba wenye PCOS pia wapo, msiwaambie wapungue.

Na ukiona unalowesha pedi nzima kila saa, masaa mawili mfululizo, au unasikia kizunguzungu, usiandike kwanza kwenye kalenda mdogo wangu, nenda hospitali siku hiyohiyo hata kama ni usiku.