Matuta mawili kwanza, mbuzi baadaye

Tulipoanza, mimi na mume wangu tulichora kwenye karatasi shamba lenye kila kitu: mboga, miti ya matunda, kuku, mbuzi, hata mizinga ya nyuki. Huu ni mwaka wa nne na mbuzi hawajafika. Nawaandikia ninyi mnaoanza, hasa mnaoanza wawili wawili, kwa sababu kuchelewa huko ndiko kulikotufundisha kazi.

Msimu wa kwanza tulilima eneo lote kwa mkupuo. Tulikuwa na nguvu za wiki mbili, na palizi inataka nguvu za miezi. Magugu yalipotuzidi tukaanza kulaumiana, nani aliahidi kupalilia na nani alilala. Msimu uliofuata tukabaki na matuta mawili tu, kila moja upana wa mita 1.2 na urefu wa mita 4, na sehemu iliyobaki tukaifunika nyasi kavu ipumzike. Upana huo una maana yake: ukichutama upande wowote mkono unafika katikati, kwa hiyo hamna haja ya kukanyaga tuta. Udongo usiokanyagwa haushindiliki, maji yanapenya, mizizi inashuka. Matuta yale mawili yalitulisha kuliko shamba zima la msimu uliotangulia.

Hapo tukawekeana sharti ambalo hatujalivunja: hakiongezwi kitu kipya mpaka kilichopo kiweze kuendeshwa na yeyote kati yetu, peke yake, kwa wiki nzima. Mmoja ataugua, mmoja ataitwa safari, na mimea haingoji. Kwa sharti hilo ilibidi tufundishane. Mume wangu alikuwa na mkono wa mboji, mimi wa kitalu. Tukabadilishana msimu mzima, na nakiri ilikuwa vigumu kusimama pembeni nikimwangalia akiatika mbegu kwa kina kisichofaa. Mbegu ndogo hufukiwa kidogo tu, kama mara mbili ya unene wake. Alijifunza zilipokataa kuota, na hakurudia kosa hilo.

Mboji nayo ilinisumbua. Lundo langu la kwanza lilipoa likanuka, kwa kuwa nilijaza majani mabichi na maganda ya jikoni matupu. Vijidudu vinavyoozesha vinataka vikavu pia, na kwa kipimo cha shambani mimi hutumia ndoo mbili hadi tatu za majani makavu au mabua kwa ndoo moja ya vibichi. Lundo liwe na walau mita moja kila upande, likiwa dogo joto linapotea. Unyevu upimeni kwa mkono: kamateni fumba moja mkamue, litoke tone moja au mawili, si maji ya kuchuruzika. Likikaa sawa, ndani hufika nyuzi 55 hadi 65 za Selsiasi, joto linaloua mbegu nyingi za magugu. Sisi huchomeka fimbo ya chuma katikati, na tukiichomoa baada ya dakika kumi haishikiki vizuri kwa kiganja. Joto likishuka, geuzeni.

Lililotuumiza zaidi kwenye kitalu lilitokana na upendo. Miche ilikuwa inaanguka shingoni, shina limenyong'onyea pale linapogusana na udongo. Huo ni kinyausi, ugonjwa wa ukungu unaostawi penye maji mengi. Tulitafuta sababu siku kadhaa, kumbe mimi nilikuwa namwagilia alfajiri na yeye jioni, kila mmoja akidhani anamsaidia mwenzake. Tangu siku hiyo kuna jiwe kwenye ukingo wa kitalu: aliyemwagilia analihamishia upande wa pili. Wekeni ishara kama hiyo mapema. Wawili wanaofanya kazi moja bila ishara huifanya mara mbili au hawaifanyi kabisa.

Maji ya mvua pimeni kabla ya kununua tangi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 50 likipata mvua ya milimita 20 linatoa lita 1,000, punguzeni kidogo kwa yanayomwagika na yanayokauka. Hesabu hiyo tuliifanya usiku mmoja mezani na ikatuzuia kununua tangi kubwa kuliko paa letu.

Kuku walikuja mwaka wa tatu, mitetea sita, baada ya banda kukamilika na si kabla. Anayeleta kuku kwanza atajenga banda usiku akiwa na hofu ya wanyama wala kuku. Jogoo hahitajiki kwa mayai ya kula, anahitajika mkitaka vifaranga. Mitetea michanga huanza kutaga ikiwa na miezi mitano hivi, kwa hiyo kuna miezi ya kulisha bila kupata kitu, na hapo wengi hukata tamaa. Chanjo ya kideri msiiahirishe, maana ugonjwa huo ukiingia bandani unaweza kumaliza wote ndani ya siku chache. Kinyesi chao msikiweke kibichi kwenye mimea, kinaunguza. Kipitisheni kwenye mboji kwanza.

Kuhusu mbuzi, tumekubaliana kwamba wakija watakuwa wawili, kwa sababu mbuzi mmoja peke yake hupiga kelele na kudhoofika. Watahitaji uzio madhubuti na malisho ya kudumu. Nguzo za uzio tumesimamisha upande mmoja. Miti ya malisho tuliipanda msimu uliopita, sasa inanifika magotini.