Ramu ya GB 8 imegoma

Swali: Shikamoo fundi. Kompyuta ya mezani ya steshenari yangu ina ubao mama wa Intel G41, ramu GB 2. Nimeweka kipande kimoja cha DDR3 cha GB 8. Feni inazunguka, skrini nyeusi. Nimeuziwa mbovu?

Jibu: Marahaba. Ramu huenda ni nzima, kikomo ni cha ubao. G41 mwisho wake GB 8 kwa jumla, yaani GB 4 kila tundu kama yako mawili. Tena inachagua! Hesabu vile vidude vyeusi kwenye kipande cha GB 4: vikiwa 16, vinane kila upande, chukua. Vikiwa vinane tu, achana nacho. Mimi nilishavirudisha viwili dukani, nikanuniwa. Na Windows ya biti 32 haivuki GB 4.